Jumlisha Tatu

Saa mbili asubuhi, Tartu, na usiku umekaa kitako
kama mgeni aliyekwisha kunywa chai wala haagi.
Navua buti mlangoni. Theluji inayeyuka, inafanya kidimbwi
ambacho Virve atakikanyaga na soksi, kisha anilaani.

Mama akiulizwa kazi yangu husema: anachezea kompyuta.
Si uongo sana.
Maji ya moto hupita chini ya barabara
katika mabomba yaliyonizidi umri,
na mistari elfu arobaini ya msimbo huamua
jengo gani lipate joto kiasi gani, saa ngapi.
Mingi si yangu. Niliirithi
kama mtu anavyorithi nyumba yenye vyumba vilivyofungwa
na funguo tele kwenye waya, hata mmoja hauna jina.

Makosa yetu tunayaita wadudu,
kana kwamba yaliingia yenyewe kwa dirishani.
Januari hii, mdudu gani?
Dirisha lenyewe limegandia kwenye fremu.

Leo zamu yangu ni kufagia.
Na katikati ya hesabu mbili safi, za mtu mwenye akili, nakuta:
jumlisha tatu.
Basi.
Kwa jengo moja tu kule Annelinn. Pembeni, maelezo:
"Usiguse. H."

Siipendi namba isiyo na nasaba.
Msaidizi wa mashine, yule anayemaliza sentensi zangu
kabla sijazifikiri, anashauri niifute.
Naifuta. Majaribio yote yanapita, kijani tupu kwenye skrini.
Mashine imeridhika. Mashine haijawahi kulala na soksi.

Kidole kinasita juu ya kibodi.
Narudisha tatu mahali pake, nampigia Heldur,
aliyestaafu akahamia kando ya ziwa Peipsi
na huipokea simu kama mtu anayepokea faini.

"Aa, tatu," anasema. Halafu kimya;
nasikia kuni zikialika jikoni kwake.
"Palikuwa na mwalimu wa piano pale, Leida. Asubuhi vidole vilimgomea.
Akatuandikia barua, ya wino, kurasa mbili:
piano yangu ina nyuzi zaidi ya mia mbili, zote nzima,
mimi nimepungukiwa tatu tu, za joto.
Sasa, fomu ya kuomba nyuzi tatu haipo.
Nikampa."

"Yu hai bado?"

"Sijui."

"Mbona hukuandika sababu?"

"Binti, ukiandika sababu, atatokea mtu wa kuikagua."

Jioni nashuka basi vituo viwili kabla ya kwangu.
Sijui nilitarajia nini. Muziki, labda.
Ghorofa ya nne dirisha limefunguliwa wazi, baridi ya hasi kumi na nne,
na kijana mwenye fulana anavuta sigara, viwiko vyake vyekundu,
joto la Leida likimwagika barabarani
bure, bure kabisa, likipanda na moshi.
Nasimama chini kama mdai.
Ananiona. Ananipungia mkono.
Nami nampungia, nifanyeje?

Kichwani napiga hesabu: lita, senti, miaka.
Jengo zima, milango sita, na hakuna hata mmoja
aliyewahi kulalamika kwamba anapata zaidi ya haki yake.
Ningelalamika mimi?
Kwangu rejeta ya chumbani inagugumia usiku kucha,
najua mstari unaoiamuru, ningeweza kuongeza moja,
nani angejua. Nalala na soksi.

Asubuhi Virve, mguu mmoja umelowa,
anauliza ile kazi ya kufagia imefikia wapi.
Nachunguza, namwambia.

Ameandika: "Inachunguzwa."
Ameenda kutafuta soksi kavu.