Mnywaji wa Kuze

Wiki ya tatu bomba linakohoa upepo.
Somoe, dada yangu, anunua maji ya mkokoteni,
na mchuuzi akiona mtu katoka mbio, kanga mkononi,
huongeza shilingi kumi kila mtungi.

Leo kaja Fundi Ngowa na tindo na nyundo.
Kavua viatu mlangoni, kavunja sakafu ya ua,
chokaa na vipande vya matumbawe,
mpaka kwenye kiungo cha bomba la kale,
akanyamaza.

Kisha akavuta.

Kikatoka kitu kama msuko wa bibi harusi,
kirefu, kilowevu, rangi ya chai ya maziwa,
kimeijaza bomba hadi kimechukua umbo lake.
Kilipotua sakafuni kikatoa maji
kama nguo iliyokamuliwa nusu.

"Mwarobaini wenu huu."

Nikaugeukia mti. Uko pale pembeni, kimya,
majani mabichi katikati ya kiangazi,
kama mgeni aliyekula kabla ya wenyeji
akafuta mdomo.

Mimi mshona kofia za vito. Macho yangu yamezoea matundu.
Nikauleta mzizi mmoja kwenye mwanga wa dirisha:
nchani umevaa kofia.
Kofia kweli, ndogo, ya utelezi,
inayochubuka kwa kila chembe ya mchanga
na kushonwa upya kwa ndani
ili kichwa chenyewe kisiguswe.
Mteja gani huyu, kila siku kofia mpya,
na halipi mtu?

Nyuma ya kofia, vinyweleo,
vyembamba kuliko uzi wangu wa hariri,
vimeng'ang'ania punje za udongo, havitaki kuachia.
Lali wa Somoe kaja na daftari la sayansi:
kila kinyweleo ni seli moja tu, imejinyoosha,
ngozi yake ina vitundu ambavyo sindano yangu haivijui;
ndani mmekolea, nje maji mepesi,
na maji, asema, huenda kulikokolea.
"Kama watu na harufu ya pilau," nikamwambia.
Akaandika pilau. Akafuta.

Yakishaingia, yapita chumba kwa chumba
hadi kwenye ukuta uliopigwa nta, wenye mabawabu;
hapo huulizwa kila kitu: wewe nani, wabeba nini?
Yaliyoruhusiwa huingia kwenye mirija ya katikati
na kupanda. Hapana pampu. Hapana moyo.
Jani la juu latoa jasho, tone la chini lasogea.
Hili sikuhitaji kuelezwa:
vuta uzi upande huu wa kofia,
uone unavyokwenda upande wa pili.

"Na maji ya kisima?" nikauliza. "Si yako hapo nyuma?"
Lali akakuna kichwa.
Kisima chetu kiliingia bahari mwaka alioaga baba.
Mlimau wa Bi Mishi ulikufa kando yake,
mizizi imelowa, majani makavu kama karatasi.
Nje kukikolea kuliko ndani, maji hugeuza njia,
na ardhi ndiyo inayounywa mti.

Basi mwarobaini ukatafuta kwingine,
ukapapasa gizani, shibiri kwa shibiri,
ukakuta ufa mwembamba kama kucha, unaotoa jasho.
Nani kati yetu angepita?

"Nikate?" Fundi kashika msumeno.
Somoe kasema kata. Mimi nikasema bomba kwanza.

Akatia bomba jipya la plastiki, akafukia, akalipwa nusu.
Tukafungua. Upepo.
Mti haukutuibia chochote ila matone.

Nikaupima ule msuko kwa utepe wangu: futi kumi na moja.
Kufikia alasiri umekauka, wavunjika ukiushika.
Ncha moja Lali kaifunga kwenye gazeti, kaenda nayo shule.

Usiku wa manane bomba likakohoa,
likatoa kikombe kimoja cha maji mekundu.
Nikakinga. Nikasikiliza.
Chini ya sakafu, karibu na saruji mbichi,
nilidhani namsikia mtu
akivaa kofia mpya.