Toa Uzito wa Lori

Vijana wa mizani wameniuliza tena leo,
foleni ya malori ya miwa ikiwa imefika hadi kanisani:
Bwana Balidawa, yule Odongkara wenu
alikuwa bondia, au alikuwa gazeti tu?

Nikawaambia ngojeni, nipime hili kwanza.

Tani ishirini na tisa, limejaa.
Tani kumi na moja, likirudi tupu.
Miaka kumi na sita kazi yangu ni hiyo,
kutoa lori na kubaki na miwa.
Na hata miwa yenyewe, wapo wanaoimwagia maji usiku,
wapo wanaozika mawe katikati ya shehena.

Haya, leteni rekodi.
Kapanda ulingoni mara ishirini na nne, kashinda zote,
ishirini na moja kwa kumlaza mtu chali.
Iliandikwa kwa rangi nyekundu ukutani Walukuba;
masika mawili hayakuifuta.

Toa wa kwanza: mchinjaji wa Bugembe,
alipanda na deni la kodi ya nyumba
akashuka deni limepungua.
Toa wa pili, wa sita na wa kumi na moja.
Hao ni mtu mmoja.
Busia aliitwa Wafula Chuma, Mbale aliitwa Radi ya Mlimani,
Lira hawakujisumbua hata na jina,
walitangaza tu "mgeni kutoka Kongo"
na Kilingala chake chote kilikuwa salamu moja.

Toa polisi wa Tororo aliyepigana na homa.
Toa yule wa Soroti, uzani wa kati,
aliyepanda mizani na minyororo ya baiskeli ndani ya bukta
ili kilo zitimie.
Mimi ninayapima malori; niliijua hila ile
kabla hajashuka.

Vijana wanacheka, wanahesabu kwa vidole.
Wamebaki wangapi? Tisa.
Toa tena. Saba.
Toa wale wawili wa Arua walioanguka kabla ya kuguswa,
mmoja akajipangusa suruali vizuri kabla ya kuzimia.

Kisha Kampala, na yule Mbulgaria.
Dakika mbili na sekunde kumi na nne.
Waliombeba mabegani ndio waliotangulia kusema
debe tupu, tulijua siku zote.
Kasakya, promota, alisema hivyo pia,
mdomo ukiwa bado na mafuta ya karamu ya Odongkara.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Ila tembo hili walilitia maji waliolisifu.

"Wa tisa umemruka," akasema Kirunda, mdogo wao,
yule asiyesahau namba za magari.

Wa tisa hakuwa na homa.
Hakuna aliyemlipa aanguke.
Alikuwa na miaka ishirini na sita, kilo tisini na nne,
alfajiri alikimbia kutoka Masese hadi bwawani na kurudi,
na mama yake alikuwa ameuza mbuzi amnunulie viatu.
Raundi ya tano, ukumbi wa manispaa, Jinja.
Ngumi ya kushoto aliiona ikija.

Niliiona vizuri.
Nilipata hata nafasi ya kuwaza: hii ni nzito.
Halafu dari. Feni moja isiyozunguka,
na mtu mbali sana akihesabu
kama anayenihesabia chenji.

Taya langu hulia hadi leo nikitafuna mahindi ya kuchoma.

Wamenyamaza.
Basi andikeni kwamba rekodi ilitiwa maji.
Andikeni na mawe yalikuwemo, nimeyatoa kwa mkono wangu,
moja moja, mbele yenu.
Lakini chini ya mawe palikuwa na miwa.
Ngapi? Hilo msiniulize mimi.
Mizani ikishapigwa na mzigo
haifai tena kuupima.

Honi. Lori jingine.
Dereva anatoa kichwa dirishani, anaapa kwa mama yake
hakumwagia maji hata tone.

Panda, namwambia. Polepole.
Usikanyage breki.