Masikio Yote Mawili Yaonekane

Siku sita za juma natawala kiti kimoja
na shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani,
mkabala na ofisi ya usajili, Kitale.
Inua kidevu. Vua kofia, mzee.
Mama, sogeza kilemba kidogo,
masikio yote mawili yaonekane.
Usicheke: serikali haitaki meno.
Nao hutii. Hata yule mkaidi wa soko zima
akiketi pale hugeuka mtoto wa shule.

Jumapili hii sikuonekana kanisani.
Nilikuwa Saiwa, juu ya jukwaa la mbao,
saa kumi na mbili na robo,
umande umenipanda hadi magotini,
chupa ya chai kati ya mapaja,
namsubiri nzohe.

Simatwa, anayetuongoza, husema kwa mkono tu.
Kidole kimoja: ngoja.
Viwili: tazama juu.
Kiganja kikielekea chini: acha kutafuna, Chemtai.
(Chemtai na njugu zake.)

Korongo wawili walipita na mataji yao,
hawakuwa na haja nasi.
Kima mzee, ndevu nyeupe mpaka kifuani,
alitukagua kutoka mkuyuni
kama karani anayetafuta kosa kwenye fomu,
akalipata, akarudi majanini.
Ukungu ulikuwa umetanda juu ya mafunjo.
Nikawaza: shuka hilo tayari.
Bado mteja.

Akaja.
Sikumwona akija. Palikuwa na mafunjo,
kisha palikuwa na mafunjo yenye shingo.
Maji kifuani, manyoya yamelowa,
jani moja limening'inia mdomoni
kama neno alilosahau kulimeza.
Nikainua kamera, na kinywa changu,
kwa mazoea ya miaka kumi na tisa,
kikasema kwa sauti:
Inua kidevu!

Simatwa alifumba macho.

Nzohe hakukimbia. Heri angekimbia.
Alishuka, taratibu, kama mtu
anayekalia kiti asichokiamini:
mgongo, shingo,
sikio, halafu sikio la pili,
hadi zikabaki tundu mbili za pua juu ya maji.
Nikabonyeza hapo. Mara moja.
Kurudi njiani hakuna aliyenisemesha
ila Chemtai, aliyenipa njugu.

Nimeichapa kubwa, nimeitundika dukani.
Wateja huitazama wakingoja zamu.
"Hii ni picha ya nini, bwawa?"
Nawaambia: kuna mtu humo.
Hubishana. Mmoja alidai punguzo la bei.

Juzi mama mmoja wa Kiminini,
kitambulisho chake kilichukuliwa na mafuriko,
aliweka kidole juu ya zile nukta mbili
bila kuniuliza kitu.
Akacheka.
Akaketi kitini akiendelea kucheka,
kilemba kikamteleza,
meno yote nje, sikio moja limefunikwa.

Nikampiga picha hivyo hivyo.
Kisha moja nyingine, ya serikali.