Kifaa cha Nne

Saa moja asubuhi, Hull, natoka zamu ya usiku,
viatu mlangoni, chai mkononi,
nawasha runinga niendelee na sehemu ya tatu.
Inaniambia: umeshafika ya tisa.

Mimi? Mimi nilikuwa nageuza wagonjwa ubavu.

Na maandishi ya chini yamegeuka Kireno.
Mgeni huyu hakubisha hodi,
kakunja miguu kwenye kochi langu,
kala utamu, kaniachia makapi.

Kosa langu. Neno la siri lilikuwa jina la binti yangu
na mwaka aliozaliwa;
kila aliyekula pilau ya akika yake analijua.

Nikatunga jipya: maneno manne yasiyojuana,
marefu kama foleni ya daktari wa meno.
Siyataji. Hata kwako, samahani.

Kisha orodha ya vifaa. Simu yangu. Runinga hii.
Kompyuta ya mji nisiowahi kuusikia.
Cha nne: Hemedi, chumbani, Grimsby.

Kaka tulimzika Oktoba.
Filamu yake imesimama dakika ya arobaini na moja.

Kitufe kiko kimoja tu: Toa Wote.
Hakibagui mwizi na marehemu.

Nikaketi. Nikabonyeza pale alipoishia,
nikaitazama hadi majina ya waliowapikia waigizaji,
mwizi naye yumo ndani, mlango wazi,
saa nzima na robo.

Ilikuwa filamu mbaya. Angenibishia.

Halafu nikafunga.