Hesabu ya Siku Nne

Umeme umekatika Katuba tangu saa moja,
kwa hiyo Bruges tunaipanga kwa mshumaa,
daftari la hesabu la Monga katikati ya meza,
sahani za bukari zimesukumwa pembeni.
Kaseya amechora safu kwa rula:
cha kula, cha kulala, cha kuona.
Safu ya nne ameiacha wazi.
Mume wangu huacha nafasi ya msiba.

Mdogo wangu anaoza binti yake Liège, mwezi wa tano.
Ndege imelipwa na ukoo, michango ya miezi kumi na minne.
Baada ya harusi, siku nne ni zetu,
nasi tumeuchagua mji wa zamani,
maji yanapita kati ya nyumba,
na mapaa yana ngazi, kama mtu
aliyeanza kupanda mbinguni akaghairi.

Monga, miaka tisa, anataka mashua.
Ameuliza kama maji yale yana mamba.
Dada yake Umba amepata mnara wa kengele,
vidato mia tatu sitini na sita:
"Mwaka mrefu mzima, nitaupanda kabla ya chakula cha mchana!"
Baba yake akasema bomba la moshi la kiwanda cha shaba
linaupita mnara huo kwa mbali.
"Lakini bomba halina ngazi ya wageni," Umba akajibu.
Mimi nilikuwa nawaza soksi, na baridi
ambayo shemeji anasema si baridi.
Shemeji ana mafuta mwilini.

Mama mkwe alikuwa kimya, anachambua miiba.
Kisha akanawa, akaingia chumbani,
akarudi na kopo la maziwa ya unga, kutu mdomoni.
Ndani: dantela, upana wa kiganja,
pini bado zimo, zimekuwa nyeusi,
nyuzi zinaning'inia na vijiti vyake,
miguu ya buibui aliyelala.

"Sista Godeliva alitufundisha, kila Alhamisi.
Alisema: hili ni ua la kwetu, Bruges.
Hakusema ni ua la mti gani.
Likizo akaenda kwao, hakurudi.
Kazi yangu haikusahihishwa."

Miaka hamsini na miwili.
Jenereta ya jirani ikakohoa, ikashika, ikazima.

Fomu ya viza inauliza madhumuni ya safari.
Kwetu sote Kaseya ameandika utalii.
Kwa mama yake, kalamu ilisimama.
"Andika mwanafunzi," Mama Numbi akasema.
"Mama, una miaka sitini na saba."
"Basi andika mwanafunzi aliyechelewa."

Nikaanza hesabu upya.
Tukiwa wanne: kulala mara tatu, na mashua, na mnara.
Tukiwa watano: kulala mara mbili,
bila mashua, bila mnara,
mkate tukiubeba kutoka harusini.
Vyumba vya huko vinahesabu vichwa,
havijui kubanana.
Nikajumlisha mara tatu nikitumaini nimekosea.

Hakuna aliyesema.
Umba aliangalia mshumaa kama anayeuhesabu vidato.
Monga akaninyang'anya kalamu,
akaifuta mashua,
akaikandamiza hata karatasi ikatoboka,
na upande wa pili, kwenye kazi ya shule,
tundu likameza jibu la tisa mara nane.

"Daraja ni bure?"
"Daraja ni bure."
"Nitasimama hapo. Nitawapungia wa mashuani.
Wakiwa na adabu watanipungia na wao."

Bibi yake hakumshukuru. Alimsogezea
kichwa cha samaki alichokuwa amejiwekea.

Jumatatu nitapeleka fomu mjini, watano.
Asubuhi, nikilifunga daftari, nimeona
kwenye safu ya nne, ile ya msiba,
mwandiko mdogo wa Kaseya,
kama anayeogopa kusikiwa:
pini mpya.