Bei ya Kiti

Kila Jumatatu kabla ya kahawa
naifungua orodha.
Hainiamkii. Inanipa tarakimu:
madereva wa malori, amepungua mmoja, hakuna kitu;
wapishi wamejaa, hakuna kitu;
mafundi wa kusafisha maji,
watatu mahali pa tisa,
dola elfu ishirini.

Hapo utajua kuwa jeshi lina meno
na lina mapengo,
na pengo ndilo linalolipwa.

Brody Halvorsen alikuja Alhamisi,
matope ya bitiruti za sukari yamegandia viatuni,
mwezi wa kumi, theluji ya kwanza bado inasitasita
juu ya Grafton.
Akavua kofia. Akaomba lori.
Baba yake aliendesha lori jeshini, na babu,
na yeye mwenyewe, tangu lini hakusema,
huendesha la mavuno usiku kucha hadi kiwandani.
"Lori halina bonasi," nikamwambia.
"Hata kwa mtu anayelijua?"
"Hata kwa anayelijua."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta.
Akapitisha kidole kwenye safu
kama mtu asomaye bei za mbegu.
Kikafika kwenye maji, kikasimama.
"Kumbe nina thamani hii?"

Miaka kumi na mmoja ninaandikisha watu.
Najua pa kunyamaza. Sikunyamaza.
"Si wewe, mwanangu. Ni kiti.
Wewe ni yuleyule, ukae hapa, ukae pale,
mapafu yaleyale, goti lilelile.
Kiti chenye mtu hakina bei.
Kikiwa kitupu, wakubwa huanza kukiota."

Bibi yangu Eulalia alitoka Texas kila mwaka
kuja kupalilia bitiruti hizihizi.
Magugu yalipowazidi watu,
mwenye shamba aliongeza senti kwa kila mstari.
Mwaka watu walipofurika, akaziondoa.
Mgongo wa bibi uliinama vilevile
miaka yote miwili.

Brody akasema atakwenda kuwaza. Elfu ishirini:
paa la ghala, deni la mama hospitalini,
na kijisehemu cha Kaylin, ambaye hakunieleza ni nani.
Alihesabu kwa sauti, vidole vya mkono mmoja vikatosha.
Nikamwambia asichelewe.
Sikumwambia kwa nini;
niliogopa kuonekana dalali.

Ijumaa, kule Fargo, wakasaini wanne.
Jumamosi, kule Bismarck, madada wawili.
Pacha. Nani angedhani?

Jumatatu, kabla ya kahawa:
mafundi wa maji, tisa mahali pa tisa.
Mstari umepauka.
Saa tatu na robo akaingia na baba yake,
wamevaa mashati ya kanisani,
na kalamu yao wenyewe mfukoni.

Nikaeleza. Mzee akacheka cheko fupi,
cheko la mkulima aliyefikisha ngano
siku moja baada ya bei kuanguka.
Brody hakucheka.
"Wale tisa," akauliza, "mmoja akitoka?"
"Bei inarudi."
"Anatokaje?"
Nikataja: mkataba kuisha, goti,
kuhamia Arizona, mtoto.
Nikaacha moja.
Aliiona palepale nilipoiacha,
kama uonavyo pengo
kinywani mwa mtu anayejizuia kutabasamu.

Akasaini lori. Bila senti.
"Lori nalijua," alisema, kana kwamba nimebisha.
Kidole chake kiliacha alama ya udongo
pembeni mwa ukurasa wa nne.
Nikauskani hivyohivyo.

Jioni, kabla ya kuzima taa,
nikachungulia tena, ingawa si Jumatatu nyingine.
Madereva: wamejaa.
Mbele yao, hakuna kitu.
Nje malori ya bitiruti yalikuwa yakipita,
moja, jingine, jingine,
na sikuweza kujua lipi ni lake.