Daftari la Relini

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa,
kwa hiyo mwaka wa kuanza tunabishana.
Likapa anasema ni ule wa mvua nyingi.
Mimi nasema ni ule korosho zilipokosa mnunuzi,
zikalala ghalani, nasi tukakosa ada,
tukabaki Nachingwea na miguu isiyo na kazi.

Kumi na mmoja hatukufika. Tulikuwa tisa,
na Somoe, dada yake Mnalolo,
aliyekubali kukaa golini kwa sharti moja:
asitumwe kuokota mipira iliyotoka.
Mpira wenyewe, nimeandika, "kilo nne za kuokota",
punje moja moja chini ya mikorosho ya watu
baada ya wenyewe kumaliza kuvuna.
Kilo mbili naapa. Zile nyingine, siapi.

Milingoti ni vyuma vya reli
ya garimoshi ambalo hakuna kati yetu aliyelisikia.
Wakoloni walitaka karanga, wakapata hasara;
sisi tukapata magoli.
Mistari tulichora kwa salfa iliyopitwa na muda.
Ukiangushwa kwenye boksi unainuka unalia,
refa hajui ni penalti au ni macho.

"Jezi kumi na nne, mtumba, Masasi."
"Deni kwa fundi baiskeli: pampu."
"Ruangwa 7." Basi. Sisi hatukuandikwa,
pana doa la mafuta ya kalimati tu.

Jezi namba nne imepigiwa mstari.
Nankoma alivuka nayo Ruvuma kufuata rubi,
akasema Jumamosi yupo uwanjani.
Kila hesabu ya mwaka naandika: "Ipo kwa Nankoma."

Leo watoto wamefika themanini na wawili.
Wana njumu, wana kocha mwenye cheti,
chupa za maji zimeandikwa majina.
Timu ya wasichana ina kamati yake, na inatudai.
Mwenyekiti ni Somoe; mipira bado haokoti.

Jana Bakiri, mtoto wa fundi baiskeli,
aliniomba namba nne.
Nilifungua kabati, nikalifunga.
Vaa kumi na nne, nikamwambia, nne imo humo.
Akaivaa, ikamfika magotini.
"Huyo Nankoma alikuwa anacheza wapi?"
Nilitaka kusema beki. Kipenga kikalia, akakimbia,
nami nikabaki na kalamu
mbele ya mstari usio na kitu.